Sura, maneno matamu na utu: tuvipange pamoja kabla hujachagua

Kuna swali naulizwa sana na wadogo zangu wanaokaribia kuchagua mtu wa kuishi naye, eti dada nichukue mwenye sura au mwenye tabia, na kila nikiulizwa naona swali lenyewe limekaa vibaya, maana linafanya ionekane kama kuna mafungu mawili ya watu, warembo wenye roho mbaya huku na wasio na sura wenye roho nzuri kule. Haipo hivo. Kuna warembo roho zao safi kabisa na kuna watu hawana sura na roho ndio mbaya zaidi. Sura haikwambii chochote kuhusu moyo, sio kwa wema wala kwa ubaya. Kwaiyo mi nataka tulinganishe taratibu, alafu nalinganisha vitu 3 sio 2 kwa sababu hicho cha tatu ndicho kinachowaponza wengi. Kwanza sura. Pili maneno, yani ule mvuto wa mtu anayejua kuongea, anachekesha, anajua kukufanya ujione duniani uko peke yako. Tatu utu. Watu wengi wakisema "mi sikuangalia sura niliangalia tabia", ukiwachimba vizuri unakuta walichoangalia ni hicho cha pili.

Sikiliza hata tunavyoongea wenyewe. Tukisema fulani ni mzuri, anayesikiliza hajajua bado tunasema sura au roho mpaka tuongeze maneno. Mrembo ni kitu kingine, hiyo ni ya kuonekana, mtu anaweza akajiremba asubuhi akawa mrembo na jioni akinawa imeisha. Mwema ni kitu kingine kabisa, hakuna anayejiremba akawa mwema. Na utu umetoka kwenye mtu, ndio maana tukisema huyu hana utu tumesema jambo zito kuliko kusema hana sura, tumemtoa kwenye watu kabisa. Methali inasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Haikusema mlango hauna kazi. Mlango ndio unaokufanya usimame ubishe hodi, ila hakuna anayelala mlangoni.

Siku za mwanzo

Hapa tusidanganyane, sura inashinda na inashinda kwa mbali. Na kuvutiwa sio kosa, tatizo ni kwamba macho yanakuongezea vitu ambavyo bado hujaviona. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alichunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyokua wanawapa alama askari wao, umbo, akili, uongozi, tabia, kila kimoja peke yake. Akakuta alama zinafatana kupita kiasi, askari aliyepewa alama nzuri za umbo kapewa nzuri za akili na tabia pia, kama vile jambo moja zuri limemwagikia mengine yote. Alafu mwaka 1972 Karen Dion, Ellen Berscheid na Elaine Walster wakawaonyesha wanafunzi wa chuo picha za watu wasiowajua, wanafunzi wakaona wale wenye sura nzuri ndio wenye tabia nzuri, ndio watakaopata kazi nzuri, ndio ndoa zao zitakua na furaha. Picha tu jamani! Kitu kimoja hao wenye sura nzuri hawakupewa, hawakudhaniwa kuwa wazazi bora kuliko wengine, na hicho huwa kinanifikirisha sana, kwamba hata macho yakiwa yameshalewa kuna sehemu ndani yetu inajua kulea mtoto sio kazi ya uso.

Maneno nayo siku za mwanzo yana nguvu, na pengine yanapotosha kuliko sura, kwa sababu sura unajua ni sura ila maneno unayachukulia kama ndio moyo wenyewe umefunguka.

Utu siku za mwanzo hauonekani. Hakuna mtu anayeingia kwenye chumba ukasema lo, huyu mkweli. Unahitaji muda na unahitaji matukio, na ndio hapo wengi wanakosea, wanachagua kabla utu haujapata nafasi ya kujitokeza alafu baadae wanasema walidanganywa wakati hawakusubiri kuonyeshwa.

Miezi ikipita

Sura ina tabia moja, unaizoea. Uso ambao ulikua unakutoa pumzi wiki ya kwanza, baada ya mwaka unakua uso wa mtu wako, unaupita mlangoni huku unatafuta funguo. Haimaanishi umeacha kupenda, macho ndivyo yalivyo, hayashangai kitu kilekile kila siku. Na upande mwingine ndio unapendeza, kwamba uso ambao mwanzo uliuona wa kawaida unaweza ukazidi kupendeza kadiri unavyouona. Robert Zajonc mwaka 1968 alionyesha kwamba watu wakionyeshwa kitu mara nyingi, hata alama wasizozielewa au picha za nyuso, wanazidi kukipenda bila sababu nyingine yoyote. Mwaka 1992 Richard Moreland na Scott Beach wakaijaribu darasani, wakachukua wanawake 4 wenye mwonekano unaolingana, mmoja hakuhudhuria kabisa, wa pili akaja mara 5, wa tatu mara 10, wa nne mara 15, hawakuongea na wanafunzi. Mwisho wa muhula wanafunzi wakaonyeshwa picha zao na yule aliyekuja mara nyingi ndio akaonekana anavutia zaidi. Sasa hiyo ni kumwona mtu tu, fikiria ukimwona alafu na matendo yake ni mazuri.

Na hilo nalo lilichunguzwa. Kevin Kniffin na David Sloan Wilson mwaka 2004 walionyesha kwamba watu wanaomfahamu mtu, wakimpa alama za sura, alama zao zinatofautiana na za wageni wanaotazama sura ileile, kwa sababu wanaomfahamu wanaichanganya na jinsi wanavyompenda na kumheshimu. Na hawafanyi makusudi. Yani wema haukai pembeni ya uso unasubiri kuhesabiwa peke yake, unaingia mpaka kwenye macho ya anayetazama. Ndio ile akipenda chongo huita kengeza, tumezoea kuisema kama kumcheka aliyependa, mi naona anayependa ndiye anayeona kingi zaidi, mgeni anaona jicho tu na yeye anaona mtu mzima.

Kinyume chake kipo pia na kinauma. Mtu mzuri wa sura akikudharau mwaka mzima, uso wake unaanza kukutia hofu, unasikia hatua zake mlangoni na tumbo linakaza, na watu wa nje wanakwambia una bahati.

Maneno na utu, hapa ndio nataka tukae

Kutofautisha sura na utu ni rahisi, kila mtu anajua ni vitu viwili. Kutofautisha maneno na utu ndio kazi, kwa sababu vyote vinakuja na upole, vyote vinakusikiliza, vyote vinakumbuka siku yako ya kuzaliwa. Mi mwenyewe niliijua tofauti mama yangu alipougua. Kulikua na watu wawili waliokua wananikaribia kipindi kile. Mmoja alikua na maneno bana, meseji ndefu asubuhi na usiku, anajua aseme nini mpaka machozi yanatoka, ananiita mwanamke shujaa, na kweli zile meseji zilinisaidia siwezi kusema hazikunisaidia. Wa pili alikua mkimya, hata mazungumzo yake ya simu yalikua dakika 2 yameisha. Wiki ya tatu ya kulaza mgonjwa nilikua nimechoka kiasi cha kusahau nimevaa nini, huyu wa pili akaja jioni na shuka lake akasema nenda kalale nyumbani leo nitakaa mimi. Akakaa. Kesho yake akaja tena. Sikumwomba na hakunikumbusha hata siku moja kwamba aliwahi kukaa. Yule wa kwanza kwa wiki zote zile alikua mji uleule na hakufika hata mara moja, na kila siku alikua na sababu iliyopangwa vizuri.

Tangu hapo nikimtazama mtu natazama sehemu hizi:

Anapokataliwa. Mwenye maneno ukimwambia hapana anakununia, au anakua mtamu zaidi mpaka hapana yako ichoke yenyewe, mwisho unajikuta umekubali na hujui umekubali saa ngapi. Mwenye utu anaweza akaumia na ukaona ameumia, ila hapana yako anaiacha ibaki hapana.

Anapokua na makosa. Huyu wa maneno anaomba msamaha vizuri kuliko mtu yeyote, analia, anapiga magoti, na mwezi ujao ni kosa lilelile na machozi yaleyale. Mwenye utu pengine msamaha wake ni wa sentensi moja na hata haujanyooka, ila kosa halirudi, au likirudi unaona anapigana nalo.

Na mtu asiyemfaidisha chochote, hapa ndio pakubwa. Mlinzi, mfagizi, mtoto wa jirani anayesumbua, mzee anayerudia hadithi ileile. Mvuto ni kitu cha kutumia pale penye kitu cha kupata, ndio maana ukimwona mtu ni mtamu kwako na mkali kwa anayemwekea vitu mezani usijiambie kwamba wewe umebahatika, jiambie zamu yako bado haijafika. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona dada zangu na kaka zangu wakilichukulia kama sifa, eti na wengine ni mkali lakini na mimi ni mpole.

Habari zako njema. Wengi wanaangalia nani yupo kwenye shida, ni sawa, ila angalia pia siku umepandishwa cheo au umefaulu. Kuna mtu anakuja kwenye msiba wako vizuri kabisa na hawezi kuja kwenye furaha yako.

Anavyowasema wasiokuwepo, hiyo haihitaji maelezo.

Kitu kingine nimejifunza, usichanganye utu na ukimya. Yule wangu alikua mkimya lakini wapo wakimya ambao ukimya wao ni ubaridi, wanakuadhibu kwa kunyamaza siku 4 nyumba nzima inanong'ona. Na usichanganye utu na woga, mtu anayekubali kila kitu kwa kila mtu sio mwema, anaogopa kukosa upendo, na siku akilazimika kuchagua kati ya wewe na mwenye sauti kubwa atamchagua mwenye sauti kubwa. Wema una uti wa mgongo. Na wapo watu wenye maneno matamu na utu wote kwa pamoja, ukimpata huyo shukuru, simaanishi kila anayejua kuongea ni mwongo.

Kwaiyo sura tuitupe?

Hapana, na hapa nitatofautiana na wale wanaohubiri kwamba sura sio kitu. David Buss mwaka 1989 alichapisha utafiti wa zaidi ya watu 10,000 kwenye jamii 37 za mabara mbalimbali, kuhusu sifa wanazotaka kwa mwenza. Wanaume waliipa sura uzito zaidi kuliko wanawake, hiyo ilitokea karibu kila mahali, ila kwa wanaume na wanawake wote kwenye orodha ya sifa za kupanga, upole na uelewa ndio vilikua juu kabisa, akili ikafata. Kwaiyo ukiulizwa kwa utulivu moyo wako unajua unachotaka, tabu inakuja macho yakiwa mbele ya moyo.

Usimchukue mtu ambaye mwili wako unamkataa kabisa eti kwa sababu ni mwema. Hiyo ni dhulma kwake. Yeye naye anastahili mtu anayefurahi akimwona, sio mtu anayejilazimisha na kujiona mtakatifu kwa kujilazimisha. Ila toa muda kabla hujasema mwili umekataa. Lucy Hunt na wenzake mwaka 2015 waliangalia wapenzi na wanandoa, wakakuta wale walioanza mapenzi haraka baada ya kukutana wanalingana sana kwa sura, mzuri kwa mzuri, ila waliofahamiana muda mrefu kwanza, kama vile marafiki, kulingana kwa sura kunapungua sana. Muda uliwapa nafasi ya kuona vitu vingine. Nadhani hiki ndicho kitu cha maana zaidi ninachoweza kumwambia mtu anayechagua, usifanye uchaguzi kwenye wiki ambazo sura na maneno ndio wasemaji peke yao.

Na wewe mwenyewe je

Maana ulinganisho huu sio wa kuwapima wengine tu, kuna watu wanausoma huku wanajipima wenyewe, na nawafikiria sana hao. Umekaa na simu unajipiga selfi unaiona pua, unafuta, unapiga tena, unaweka filta. Naomba ujue jambo hili la kweli kabisa, kamera ikiwa karibu na uso inaudanganya uso. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba picha iliyopigwa sentimita 30 hivi kutoka usoni inaifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita 1.5, na mita 1.5 ndio karibu umbali ambao watu wanakutazama mkiongea. Pua unayoichukia kwenye simu hakuna binadamu anayeiona.

Kujitunza jitunze. Kuoga, nguo safi, kulala vya kutosha, kukaa wima, hivyo ni heshima kwako na kwa wanaokutazama. Ila linganisha unakoweka nguvu. Ngozi inapoteza kolajeni, ile protini inayoifanya ikae imara, taratibu kuanzia ukiwa na miaka ya 20 na kitu, karibu asilimia 1 kila mwaka, na hakuna aliyewahi kushinda hiyo hesabu, mnaweza kuichelewesha tu. Subira inafanya kinyume, kusikiliza kunafanya kinyume, kuomba msamaha kunafanya kinyume, ukivifanyia kazi miaka 10 unakua navyo vingi kuliko ulivyoanza. Aliyejenga thamani yake yote usoni anafika miaka 50 ana hofu, ametumia maisha kulinda kitu kinachoondoka, na simlaumu, mara nyingi ndicho kitu pekee alichosifiwa tangu utotoni. Mtoto wa kike anaambiwa mzuri mzuri mzuri, hakuna anayemwambia nimeona ulivyomgawia mwenzio, nimeona ulivyosema ukweli ingawa uliogopa. Tuseme na hayo jamani. Watoto wanakua kuelekea kule wanakoonwa.

Na wewe uliyeambiwa huna sura, pengine ukaambiwa na mtu wa nyumbani kabisa, hilo neno halikupima chochote zaidi ya macho ya aliyesema siku ile. Usijibu kwa kuwa mkali, wala usijibu kwa kuwa mwema kupita kiasi ili ulipie uso wako, nimewaona wanaofanya hivo, wanagawa nguvu zao zote kwa watu wasiowastahili ili wasamehewe kwa kutokuwa warembo. Huna deni.

Ukiwa unachagua sasa hivi

Kama uko mbele ya watu wawili, au mbele ya mmoja na unajiuliza ndio au hapana, usiweke alama sura 7 tabia 8 ukajumlisha, haviendi kwenye mizani moja. Anza na utu kama kizingiti, mtu ama amevuka au hajavuka. Anayekudharau hajavuka hata awe na sura ya malaika, na kwenye dharau sitanii, John Gottman aliyewafatilia wanandoa kwa miaka mingi aliona dharau ndio dalili kubwa kuliko zote ya ndoa inayoelekea kuvunjika. Wakishavuka kizingiti hapo macho yako yana ruhusa, chagua anayekuvutia, chagua anayekuchekesha, hakuna dhambi.

Na kama hujui amevuka au la, basi jibu ni bado. Safirini pamoja mahali mkachelewa na kuchoka. Mpe kazi ngumu mfanye wote. Mwone akiwa na ndugu zake, mwone akipoteza kitu, mwambie hapana kwenye jambo dogo uone anafanya nini na hiyo hapana.

Yule mkimya nilikuja kuolewa naye, mwaka wa 14 sasa. Juzi kuna mtu ninayefanya naye kazi aliona picha yake kwenye simu yangu, akaitazama kidogo akasema kumbe mumeo ni mtu wa kawaida tu. Hakusema kwa ubaya. Jioni nikaifungua ile picha tena nikaitazama sana nikijaribu kuona alichokiona yeye, nikaona macho ya mtu aliyekesha kwenye kiti cha mbao amejifunika shuka na mama yangu amelala.